Skana ya Mkononi Kisumu: Jinsi ya Kuitumia Hadi Isikie, na Kuitunza Isife Mapema

Skana yangu ya kwanza, yaani redio ya kusikilizia mawasiliano ya marubani na meli, ilinyamaza siku kumi na moja. Kila jioni nilikaa nayo barazani, nikabonyeza SCAN, namba zikakimbia kwenye kioo kama za pampu ya petroli, na hakuna aliyesema neno. Siku ya kumi na mbili nilikuwa nimeshaitia kwenye boksi lake nimrudishie aliyeniuzia, nikaona herufi mbili ndogo pembeni mwa kioo: FM. Nilikuwa natafuta ndege kwa FM, na marubani huongea kwa AM. Nikabadilisha. Dakika ishirini baadaye rubani akaomba kutua.

Tangu hapo nimeletewa skana kadhaa "mbovu", na nyingi zilikuwa nzima kabisa. Tatizo huwa kwamba mwenyewe anatafuta kila kitu kwa mpigo, hana kipimo cha kujua mashine inasikia au haisikii. Mwongozo huu unafuata njia moja tu: tafuta mawimbi mamoja unayojua yako hai, itengeneze skana hadi iyasikie vizuri, kisha utoke hapo kwenda kwingine. Kwa sisi wa Kisumu mawimbi hayo ni ya uwanja wa ndege. Wa Eldoret nao wana uwanja wao. Wa Nakuru nitawafikia.

Kabla ya kununua

Skana ni redio ya kupokea peke yake. Hairushi sauti. Nasema hivi kwa sababu watu wengi huuziwa Baofeng, ile redio ndogo nyeusi ya walinzi na mafundi wa sherehe, wakiambiwa ni skana. Ile inarusha, na kurusha bila leseni ni kosa. Tena Baofeng UV-5R ya kawaida haipokei AM ya ndege, kwa hiyo hata kwa kusikiliza tu utakuwa umenunua sikio moja.

Angalia mambo matatu kwenye karatasi ya maelezo: ipokee 108 hadi 137 MHz kwa AM, ipokee 144 hadi 174 MHz kwa FM nyembamba (NFM, ile ya redio za mawasiliano, si ya vituo vya muziki), na antena yake iwe ya kuchomoka. Uniden BC125AT, kwa mfano, inatimiza yote matatu, inakula betri mbili za AA, na ina nafasi 500 za kumbukumbu zilizogawanywa katika benki, yaani mafungu, 10. Nafasi 500 ni nyingi kuliko utakazowahi kujaza ukiwa huku kwetu. Usilipie zaidi.

Sheria nayo tuimalize mapema. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano ya mtu. Vifaa vya redio na leseni zake viko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, CA, kwa Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998. Kabla ya kununua, na hasa kabla ya kuagiza kutoka nje, waulize CA kama modeli hiyo imeidhinishwa na kama matumizi yako yanahitaji kibali. Wana ofisi hapa Kisumu. Omba jibu la maandishi. Ukishaanza kusikiliza, usirekodi maongezi ya watu ukayasambaza, na usiyatumie kwa faida yako. Anayekuja kwangu kuuliza masafa ya polisi humkaribisha chai, tukaongea habari za Gor Mahia.

Betri, kabla ya kitu kingine chochote

Fungua mgongo wa skana uangalie kama kuna swichi ndogo kando ya betri. Modeli nyingi zinayo. Upande mmoja ni wa betri za kuchaji, upande mwingine ni wa alkalaini, zile za kutupa. Kazi ya swichi hiyo ni kuiambia skana kama iruhusu umeme wa chaja kuingia kwenye betri au la.

Mimi niliweka alkalaini za dukani, swichi ikiwa upande wa kuchaji, nikachomeka waya wa chaja usiku nikalala. Asubuhi skana ilikuwa na joto kama chapati, na betri moja imetapika maji meupe kwenye springi. Nilibahatika haikupasuka. Betri ya alkalaini haichajiwi.

Nunua betri za kuchaji za NiMH, seti mbili, na chaja ya kando. Kila moja ina volti 1.2, si 1.5 kama alkalaini, lakini usiogope, skana imeundwa kuikubali. Seti moja iwe ndani, nyingine kwenye chaja. Usichanganye mpya na nzee, wala aina mbili. Nimeziandika za kwangu kwa kalamu ya wino mzito, A na A, B na B, ili seti zisipotezane.

Hatua ya kwanza: isikize ndege moja

Chagua asubuhi au jioni ambapo ndege za Nairobi zinaingia Kisumu. Fuata mpangilio huu bila kuruka.

1. Rudisha mipangilio ya kiwandani, hasa kama skana ni ya mtumba. Mwenye nayo wa kwanza huenda alifungia nusu ya masafa.

2. Weka modi iwe AM. Usiiachie mashine ijichagulie.

3. Weka hatua iwe 25 kHz. Hatua ni umbali ambao skana inaruka kutoka masafa hadi masafa. Ukiweka 12.5 haitaharibika, ila itachukua muda mara mbili.

4. Fungua skwelchi, kile kifungo cha kunyamazisha mvumo, hadi mwisho usikie ule mvumo wa ushhhh. Kama husikii mvumo wowote, sauti iko chini au spika imekufa. Usiendelee hadi uusikie.

5. Kaza skwelchi polepole. Mvumo ukikatika, simama. Ongeza nusu ya upana wa ukucha, basi.

6. Anza kutafuta kati ya 118.000 na 136.975 MHz.

Hatua ya tano ndiyo inayowashinda wengi, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Skwelchi ni mlango. Kazi yake ni kuwazuia wasio na sauti ya maana wasiingie, na mvumo ndio huo usio na maana. Ukiubana sana, unamfungia nje pia rubani aliye mbali. Mvumo unakukera, unakaza kifungo hadi katikati kwa raha ya masikio, halafu unalalamika kwamba skana inasikia ndege zikiwa juu ya paa tu. Ikiwa sauti inakatikakatika katikati ya sentensi, legeza skwelchi kabla hujalaumu antena.

Halafu subira. Kati ya 118.000 na 136.975, kwa hatua ya 25 kHz, kuna nafasi 760. Skana inayopita nafasi 50 kwa sekunde huzunguka zote kwa sekunde 15 hivi, na rubani husema yake kwa sekunde tatu au nne akanyamaza. Kwa hiyo atakupita mara kadhaa. Si ubovu. Ukishampata hata mara moja, andika namba iliyo kwenye kioo, iingize kwenye kumbukumbu, na uache kutafuta ovyo. Kama hutaki kuvizia, masafa ya mnara huchapishwa katika maelezo rasmi ya usafiri wa anga, AIP, ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA.

Utajuaje umempata wa Kisumu na si mwingine aliye juu angani? Sikiliza namba ya njia ya kurukia. Yetu ni 06 upande mmoja na 24 upande wa pili, maana yake nyuzi 60 na 240 za dira. Wao hutamka "zero six" na "two four". Ndege inayotua 06 inaingilia upande wa ziwani. Ukisikia hivyo, toka nje utazame: baada ya muda mfupi utaiona taa yake juu ya maji. Hapo ndipo skana iliponishika mimi, sauti na taa kukutana.

Usiende kusimama kwenye ua wa uwanja. Niliwahi kusimama kando ya barabara ya Busia na antena nimeivuta yote. Bodaboda mmoja akapunguza mwendo.

"Mzee, mnapima barabara tena?"

"Hapana, nasikiliza ndege."

Akatazama juu ya mti uliokuwa nyuma yangu, kwa makini kabisa. "Na wanasemaje?"

Yeye alicheka. Askari asingecheka. Nyumbani kwako, orofa ya juu, dirishani, panatosha.

Antena, na hesabu yake ndogo

Ile antena fupi ya mpira inayokuja na skana ni ya kubebea. Ya kusikilizia ni nyingine. Nunua ya kuvuta yenye plagi inayolingana na yako: BNC huingia kwa kusukuma na kuzungusha robo, SMA hufungwa kama nati. Kisha ivute kwa urefu wa mawimbi unayoyataka. Gawanya 75 kwa MHz, jibu ni mita. Kwa ndege, 75 gawanya kwa 125, ni sentimita 60. Kwa meli, 75 gawanya kwa 156.8, ni sentimita 48. Kuvuta yote hadi mwisho si lazima kukusaidie. Bandika vipande vya utepe kwenye rula uache mezani.

Urefu wa mahali ulipo una nguvu kuliko antena. Mawimbi haya husafiri kama macho yanavyoona, hayapindi sana kilima. Chukua urefu wa kitu kutoka ardhini kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Mtu ameshika redio mita 1.5 juu ya ardhi: kilomita 5 hivi. Ndege iliyo mita 10,000 juu yako: kilomita 412. Ndiyo maana ukiwa Kisumu unaweza kumsikia rubani anayeongea na Nairobi, na aliye Nairobi anayemjibu usimsikie hata kidogo. Unasikia nusu ya mazungumzo, kama kukaa karibu na mtu anayeongea kwa simu kwenye matatu.

Kwa watu wa Nakuru hesabu hiyo ni zawadi. Panda ukingo wa Menengai, mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, na njia za ndege za kuelekea Nairobi ziko wazi mbele yako. Wa Kisumu tuna vilima vya Riat. Panda asubuhi, kwa sababu nitakazozisema chini.

Sauti zisizostahili kuwepo

Siku moja utasikia mahubiri, au benga iliyochanika, katikati ya masafa ya ndege. Baadhi ya skana hubadilisha mawimbi ndani yake kupitia 10.7 MHz, na udhaifu wake ni kwamba huweza kuona kivuli cha kituo kilicho umbali wa mara mbili ya hiyo, yaani 21.4 MHz. Ukikisikia kwenye 121.9, toa 21.4: ni 100.5, kituo cha FM kilicho karibu na chenye nguvu. Tumia kitufe cha kupunguza nguvu, ATT, au fupisha antena, au hamia upande wa pili wa nyumba ukuta ukukinge.

Kuna pia masafa ambayo skana husimama kimya kabisa, bila sauti wala mvumo, kila mara palepale. Chomoa antena. Ikiendelea kusimama, basi mawimbi hayo yanatoka tumboni mwake yenyewe. Yafungie kwa kitufe cha L/O na uyasahau.

Mkwaruzo wa zzzz ulioenea kila mahali chanzo chake ni nyumba. Ondoka kwenye chaja, kisha zima stima kwenye swichi kuu ukiwa umeshika skana inayotumia betri. Mkwaruzo ukitulia, washa kimoja kimoja. Kwangu walikuwa wezi wawili: balbu ya LED ya bei rahisi jikoni, na inveta ya sola ya jirani. Balbu niliibadilisha. Jirani ni jirani.

Kupanga kumbukumbu

Watu huchanganya maneno mawili. Kutafuta ni kupita kila masafa kati ya mipaka miwili. Kuskani ni kupita tu yale uliyohifadhi. Ukishakuwa na orodha, skani. Benki ya 1 weka ndege, ya 2 ziwa, ya 3 anga za juu, na zima zile usizozitaka wakati huo. Weka kuchelewa kwa sekunde mbili ili skana isiondoke kabla ya jibu.

121.500 iweke, ni ya dharura za ndege, kimya chake ni habari njema. Kwa ziwa weka 156.800, chaneli ya 16 ya kuitana na ya dharura, FM nyembamba. Usitarajie mengi, wavuvi wetu wanaongea kwa simu. Ila meli kubwa zikitoka bandarini kama MV Uhuru inayovusha mabehewa kwenda Port Bell, ndiyo chaneli ya kuachia wazi.

Kitu kinachowashangaza watoto zaidi ni kituo cha anga za juu, ISS. Wanaanga wanapoongea na shule hutumia 145.800 MHz, FM. Tafuta saa zake za kupita kwenye programu ya simu. Kwa sababu kinakuja kwa kasi, masafa yake yanapanda kidogo kikikukaribia na kushuka kikiondoka, hadi 3.5 kHz kila upande. Hifadhi nafasi tatu zilizofuatana: 145.805, 145.800, 145.795, uzibadilishe kwa mkono. Antena usiielekeze kwake kama bunduki, ilaze iwe ubavu kwake. Una dakika kumi hivi. Siku nyingi hakuna anayeongea, kwa hiyo jaribu pia 437.800, kama skana yako inafika huko, ambapo redio yake hurudisha sauti za waredio wa ridhaa walio ardhini. Huko kupanda na kushuka kwa masafa ni kukubwa zaidi, 10 kHz hivi.

Kuitunza

Radi ndiyo adui mkubwa wa huku kwetu. Mchana ziwa na nchi kavu vinabadilishana joto, na kufikia alasiri wingu limeshajijenga upande wa Nandi au juu ya maji. Kama una antena ya nje, ichomoe kwenye skana kabla ya ngurumo ya kwanza, na mwisho wa waya utupe nje ya dirisha, usiuache sakafuni. Riat na Menengai uwe umeshashuka. Skana yenyewe hukuonya: ukiwa kwenye AM, kila mwako husikika kama mtu anayepasua kuni kavu, mara nyingi kabla ya wewe kuona wingu.

Vumbi la Nakuru na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi huishia mahali pamoja, kwenye matundu ya spika. Brashi laini ya meno, kavu, skana ikiwa imeinamishwa ili taka zianguke nje. Usipulize kwa mdomo, unaingiza mate. Kioo kipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Spiriti inaondoa maandishi ya vitufe, iweke mbali.

Betri ikitapika, usikwangue kwa kisu. Pamba ya masikioni, tone la siki au ndimu, gusa ile kutu nyeupe: itachemka kidogo. Hayo maji ni ya alkali, ndiyo maana asidi inayaua. Kisha pamba nyingine yenye tone la spiriti, kwenye chuma peke yake, ukaushe kabla ya kurudisha betri. Vaa glavu au mfuko wa nailoni mkononi.

Ikinyeshewa, toa betri sasa hivi, kabla hata ya kuipangusa. Usiiwashe "kuona kama bado iko." Fungua mlango wa betri, chomoa antena, iweke kivulini mbele ya feni siku mbili. Mchele haufai, vumbi lake huingia kwenye plagi. Jiko pia hapana. Niliwahi kuona skana iliyookwa, vitufe vimekunjamana kama maharagwe.

Usiinyanyue kwa antena, wala usikalie ikiwa mfuko wa nyuma. SMA ikilegea ndani, solda ya bodi hupasuka, na fundi mmoja alinirudishia yangu ikiwa imefungwa kwa gundi tu. Usiiache kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani. Na ukienda ushago mwezi mzima, toa betri zote, ziweke kwenye mfuko wake, bandika kwenye skana karatasi yenye tarehe na yale masafa ya mnara. Ukirudi, chaji kwanza, weka AM, fungua skwelchi usikie mvumo, na usubiri ndege ya jioni.